"Betri Imekufa": Ufafanuzi wa Utambuzi wa Betri ya Gari Iliyoishiwa Chaji, Inayonyonywa na Iliyozeeka

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kutambua chanzo cha udhaifu wa betri ya gari ya risasi na asidi. Hoja yake kuu ni kwamba kauli "betri imekufa", inayotumiwa sana na madereva na mafundi, hufunika hali tatu zenye vyanzo na tiba tofauti: kuishiwa chaji, kunyonywa umeme na kuzeeka. Vipimo vya kila hali vinaelezwa kwa mpangilio ambao hatua moja huandaa njia ya hatua inayofuata.

Maneno Makuu: betri, chaji, altaneta, utambuzi wa hitilafu, istilahi za ufundi

1.0 Utangulizi

Gari linapogoma kuwaka asubuhi, stata ikagongagonga na taa za dashibodi zikafifia, kauli inayotangulia kusikika ni "betri imekufa". Kisarufi, kauli hiyo iko katika hali timilifu: jambo limekwisha kutokea na matokeo yake yapo. Kisemantiki, kifo hakirudishiki. Kwa sababu hiyo, kauli hii humwelekeza mwenye gari kwenye uamuzi mmoja tu, yaani kununua betri nyingine.

Hata hivyo, Kiswahili cha gereji kina kauli zinazobainisha zaidi. "Betri imeishiwa chaji" huzungumzia kiasi cha umeme kilichomo kwa wakati huo. "Betri imechoka" huzungumzia uwezo wa betri yenyewe. "Kuna kitu kinanyonya betri" huhamisha tuhuma kutoka kwenye betri hadi kwenye mfumo wa umeme wa gari. Tofauti hizi za kimsamiati zinalingana na tofauti halisi za kifizikia na kikemia, na kila moja ina kipimo chake.

2.0 Muundo wa Betri na Sababu za Kuzeeka

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya kawaida ya gari dogo ina seli sita zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa takribani volti 2.1. Katika kila seli kuna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujengeka juu ya mabamba na asidi huwa nyepesi. Inapochajiwa, mchakato huo hurudi nyuma.

Uzeekaji huanza pale mchakato huo unaposhindwa kurudi nyuma kikamilifu. Betri ikiachwa kwa majuma bila chaji ya kutosha, salfeti huganda kuwa fuwele ngumu na sehemu ya bamba haifanyi kazi tena. Aidha, joto huharakisha kutu ya mabamba na kupungua kwa maji. Katika nchi za baridi, betri dhaifu hufichuka wakati wa kipupwe, kwa kuwa oili huwa nzito na mmenyuko wa kikemia hupungua kasi. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hali ni kinyume: joto la mwaka mzima huizeesha betri, lakini injini yenye vuguvugu huwaka bila kuhitaji nguvu nyingi. Hivyo betri huweza kuficha udhaifu wake hadi siku za mwisho.

3.0 Hatua za Utambuzi

3.1 Ukaguzi wa Macho

Ukaguzi huanzia kwenye vichwa vya betri. Unga mweupe au wa rangi ya kijani-buluu, pamoja na waya uliolegea, huzuia umeme kufika kwenye stata hata kama betri ni nzima. Unga huo husafishwa kwa maji yenye magadi, kisha vichwa hukazwa. Betri iliyovimba au yenye ufa huondolewa bila kupimwa zaidi. Kwa betri zenye vifuniko, kina cha maji hukaguliwa na maji yaliyotoneshwa huongezwa pale mabamba yanapokaribia kuwa wazi. Kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, moto na cheche havina budi kuwekwa mbali, na macho na mikono vikingwe dhidi ya asidi.

3.2 Kipimo cha Volti Gari Likiwa Limepumzika

Gari huachwa kwa saa kadhaa bila kuwashwa, kisha volti hupimwa kwa mita. Takribani volti 12.6 au zaidi huashiria chaji kamili, 12.4, robo tatu, 12.2, nusu, na 12.0, robo tu. Kipimo cha karibu volti 10.5 ambacho hakipandi inavyopaswa baada ya kuchaji huashiria kwamba seli moja imeharibika. Ifahamike kwamba volti hueleza kiasi cha chaji, si uwezo wa kuitunza. Betri iliyozeeka inaweza kuonesha 12.6 na bado ishindwe kuzungusha stata.

3.3 Kipimo cha Altaneta

Injini ikiwa inanguruma, volti kwenye vichwa vya betri hutarajiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5, ingawa baadhi ya magari ya kisasa hubadilisha kiwango hicho kwa kompyuta. Volti ikibaki chini ya 13, altaneta, mkanda wake au nyaya zake ndizo zinazotiliwa shaka. Ikizidi 15, betri huchajiwa kupita kiasi na maji yake hukauka.

3.4 Kipimo cha Umeme Unaonyonywa

Iwapo altaneta ni nzima lakini betri huishiwa chaji gari likiwa limeegeshwa, hupimwa mkondo wa umeme. Mita huwekwa kwenye upande wa ampia na kuunganishwa kati ya kichwa hasi na waya wake, vifaa vyote vikiwa vimezimwa na milango imefungwa. Gari halipaswi kuwashwa mita ikiwa hapo, kwani mita huungua. Baadhi ya kompyuta za gari huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kulala, hivyo kipimo cha mapema hupotosha.

Kwa magari mengi, mkondo usiozidi miliampia 50 hukubalika. Kiasi hicho hutumia ampia-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampia-saa 60 hufikia nusu baada ya siku 25. Mkondo wa miliampia 500 hutumia ampia-saa 12 kwa siku, na betri hiyo hiyo hufikia nusu kwa siku mbili na nusu. Ili kumpata mnyonyaji, fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine hadi mkondo ushuke. Mara nyingi hupatikana taa ya buti isiyozimika, redio au king'ora kilichofungwa vibaya.

3.5 Kipimo cha Uzee

Kipimo hiki hufanywa baada ya betri kuchajiwa kikamilifu. Vinginevyo betri yenye njaa hudhaniwa kuwa mzee. Betri hubebeshwa mzigo wa nusu ya ampia za kuwashia katika baridi zilizoandikwa juu yake, kwa sekunde 15. Katika joto la nyuzi 21 hivi za selsiasi, volti ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka. Kwa betri zenye vifuniko, haidromita hutumika pia: uzito linganifu wa asidi wa takribani 1.265 huashiria chaji kamili, na tofauti ya 0.050 au zaidi baina ya seli huashiria seli mbovu.

4.0 Gharama ya Utambuzi Usio Sahihi

Chukuliwe mfano wa dereva wa teksi ambaye altaneta yake imedhoofika. Akiambiwa kwamba betri imekufa, hununua mpya, na gari huwaka kwa siku chache kwa chaji iliyokuja nayo. Kisha hugoma tena, na lawama huangukia ubora wa betri mpya. Dereva amepoteza fedha, siku za kazi na imani kwa fundi, ilhali chanzo hakijaguswa.

Gharama haiishii kwa dereva. Betri inayotupwa kabla ya wakati huongeza risasi inayohitaji kuyeyushwa mahali fulani. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kutokana na sumu ya risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu. Watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika.

5.0 Hitimisho

Utambuzi sahihi hujibu maswali matatu kwa mpangilio: je, betri ina chaji, je, inachajiwa na kunyonywa kwa kiasi gani, na je, ikishachajiwa, inaweza kubeba mzigo? Ni jibu la swali la mwisho pekee linaloweza kuhalalisha kauli kwamba betri imekufa. Hivyo basi, mafunzo ya ufundi yanayotolewa kwa Kiswahili yana msamiati wa kutosha kuzitenga hali hizi. Kinachohitajika ni kuambatanisha kila neno na kipimo chake.