Filbert Bayi Alitangulia Toka Mwanzo

Wasomaji wa Handeni na Korogwe, chukueni saa. Hesabuni dakika 3 na sekunde 32. Kwa muda huo Filbert Bayi alikimbia mita 1,500, yaani karibu mizunguko 4 ya uwanja.

Ilikuwa tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand. Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikuwa na miaka 20. Wakimbiaji wengi hukaa nyuma ya wenzao, halafu huchomoka mwishoni. Yeye alitangulia toka mwanzo. John Walker, mwenyeji, alimfukuza lakini hakumpata. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu duniani aliyekimbia mita hizo upesi vile.

Mwaka 1976 ilikuja Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilikataa kwenda, kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Makaburu wa Afrika Kusini. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa haki, lakini aliyeulipia ni kijana huyu.

Alingoja miaka 4. Huko Moscow, mwaka 1980, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akatangulia tena. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata medali ya fedha.

Alipoacha mbio alianzisha shule, Kimara na Kibaha.