Ngazi Kwanza, Rangi Baadaye

Nilivunjika mkono Tanga, nikipaka rangi ukumbi wa nyumba mpya. Ngazi ilikuwa imelazwa mno, na chini palikuwa na marumaru. Miguu yake ikateleza.

Tangu siku hiyo napima. Ngazi ikigusa ukuta mita 4 juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Ukiisogeza karibu zaidi itakuangusha kinyumenyume. Nisipokuwa na futikamba, nagusisha vidole vya miguu yangu kwenye miguu ya ngazi, nanyoosha mikono mbele; viganja vikifikia kipandio bila kuinama, nimeridhika.

Kijana wangu wa kazi huniuliza, "Fundi, nipande na ndoo?" Hapana, mwanangu. Ifunge kamba, uivute ukishafika. Wakati wa kupanda, mikono ni ya kushikia ngazi.

Ngazi ya mbao siipaki rangi kamwe, ingawa rangi ndiyo kazi yangu: rangi huficha nyufa. Ya alumini ni nyepesi, naipenda, lakini hupitisha umeme. Penye nyaya naiacha chini, hata mwenye nyumba akinihimiza vipi.