Je, Wajua Anwani za Kiboko?

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, Kiboko unaipita muda mfupi kabla ya Makindu: mto, migunga, mashamba ya majaribio ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, halafu ukavu tena. Mwanafunzi wa hapo akitaka historia ya kwao siku hizi huanza na simu. Huandika "Kiboko" kwenye katalogi ya maktaba, akaletewa vitabu vya wanyama wa mtoni, akadhani kwao hakujaandikwa kitu. Kumeandikwa mengi, ila yamewekwa chini ya majina mengine.

Katalogi ya mtandaoni haisomi vitabu. Ukitafuta neno, kompyuta hutazama faharasa iliyotengenezwa mapema, ambamo kila neno limepangwa pamoja na namba za rekodi lilimotokea. Maneno hayo hutoka kwenye rekodi iliyojazwa na mkutubi. Rekodi nyingi hufuata muundo wa MARC, alioubuni Henriette Avram katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960. Kila habari ina namba yake: mwandishi 100, jina la kitabu 245, mahali kinapozungumziwa 651. Koha, programu isiyo na ada ya leseni iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, hutumia namba hizohizo, na maktaba kadhaa za vyuo vya Kenya zinaitegemea. Mkutubi akijaza "Kenya" tu kwenye 651, Kiboko haitaonekana hata kama kitabu kina sura nzima juu yake.

Kwenye Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, mambo ni tofauti kabisa. Karatasi za serikali hazipangwi kwa mada. Hupangwa kwa ofisi iliyoziandika, na mpango wa ofisi hiyo hauvunjwi, ili msomaji wa baadaye aone nani alimwandikia nani, na kwa sababu gani. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Barua ya DC (mkuu wa wilaya) ya mwaka 1945 iliyoitaja Kiboko kwa hiyo ni ya Machakos mpaka leo, na namba ya jalada lake huanza na DC/MKS. Huo ni utaratibu mzuri, nami nautetea, lakini humwacha nje mtu asiyejua mipaka ya zamani.

Chukua habari ya vifaru. Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuwaondoa vifaru katika nyika ya Makueni, ili Wakamba wapewe makazi mapya huko. Aliua 996. Baadaye mtu huyohuyo alijenga hoteli Kiboko, Hunter's Lodge. Anayeifuatilia habari hiyo lazima afungue milango miwili: Idara ya Wanyama iliyomtuma mwindaji, na utawala wa wilaya uliohamisha watu. Kila ofisi ilibaki na karatasi zake.

Wataalamu wa mimea nao wana anwani yao. Jumuiya ya historia ya viumbe iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1909 ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho, ambalo hebaria yake, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, leo ina vielelezo karibu milioni moja. Kielelezo ni tawi lililobanwa, likakauka, likabandikwa kwenye karatasi ngumu. Kibandiko chake kinataja mmea, mkusanyaji na namba yake, tarehe, mwinuko na mahali. Mfululizo mkuu wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, uliochapishwa kati ya 1952 na 2012, uliigawa Kenya sehemu saba. Kiboko imo K4, pamoja na Kitui na hata Mlima Kenya. Rekodi hizo zikiingia GBIF, hifadhidata ya viumbe ya dunia nzima iliyoanzishwa 2001, mahali huandikwa kwa vipimo vya ramani: kama nyuzi 2.2 kusini na 37.7 mashariki. Wilaya ikigawanywa, vipimo havibadiliki.

Nyaraka na maktaba zingeweza kuongeza mstari mmoja wa vipimo hivyo kwenye kila rekodi, pamoja na majina ya vijito na vilima ambayo wazee wa Kiboko bado wanayajua. Hadi hapo, anayetafuta aandike Machakos, Ukamba, Makindu na Kibwezi, kisha aombe ripoti za mwaka za DC na kuzisoma ukurasa kwa ukurasa.