Kuazima fedha za "kuonyesha" ili kupata viza ya masomo

Tumeulizwa na wazazi: kijana wetu amepata chuo Uingereza, na anatakiwa aonyeshe fedha benki. Je, yafaa tuazime, zikae kwenye akaunti, kisha tuzirudishe viza ikitoka?

Tunasema, na tawfiki ni ya Allah: haifai. Uingereza hutaka ada ya mwaka wa kwanza isiyolipwa, pamoja na fedha za matumizi ya hadi miezi 9, zikae benki siku 28 mfululizo, ili mwanafunzi asikwame ugenini. Anayeonyesha fedha asizokusudia kuzitumia anadanganya, na Mtume (s.a.w.) amekataza udanganyifu, awe anayedanganywa ni Muislamu au si Muislamu. Mwenye fedha akidai ziada, hapo imeingia riba.

Madhara yake ni makubwa. Akigundulika, anaweza kunyimwa viza kwa miaka 10. Asipogundulika, anafika hana ada, na kazi anayoruhusiwa wakati wa muhula ni saa 20 tu kwa wiki.

Njia ya halali ipo. Akiba ya wazazi inakubaliwa, kwa cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Kisharia, jamaa akitoa zawadi au mkopo usio na riba utakaotumika kweli kwa masomo, hakuna ubaya. Mkopo uandikwe, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Asiyekuwa na uwezo aombe ufadhili: Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina na Türkiye Bursları hugharimia masomo, malazi na tiketi, na kuomba ni bure.

Wallahu a'lam.