Kufilisi na Kukaza Hukumu: Ni Maneno Mawili, Si Jambo Moja

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapochukuliwa vyombo vya ndani kwa sababu ya deni, majirani husema "amefilisiwa". Neno hilo limezoeleka, lakini kisheria ufilisi ni jambo jingine kabisa. Kutofahamu tofauti hiyo kumewafanya watu wengi, hasa waliokopa katika mikopo inayoitwa "kausha damu", wakae kimya huku kitanda na sufuria vikipakiwa kwenye gari.

Kufilisi ni neno lenye asili ya Kiarabu. Shina lake ni lile lililozaa fals, sarafu ndogo ya shaba, ambayo wingi wake ni fulus. Waswahili walilipokea pia neno hilo likawa fulusi, yaani fedha, ingawa leo wanaolitumia ni wachache. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu humweleza muflisi kuwa ni mtu ambaye dirhamu zake zimegeuka shaba tupu, au asiyebakiwa hata na shaba hiyo. Katika Kiswahili, kufilisika ni hali inayompata mtu. Kufilisi ni tendo analotendewa na mwingine. Swali la msingi ni huyo mwingine ni nani, na amepewa mamlaka na nani.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inalipa jukumu hilo Mahakama. Mtu akitangazwa kuwa muflisi, mali zake huwekwa chini ya usimamizi kwa manufaa ya wadai wote, nao hugawiwa kwa utaratibu uliowekwa. Hakuna mdai mmoja anayejichukulia televisheni akaondoka nayo.

Kinachoonekana mitaani mara nyingi zaidi ni kukaza hukumu. Kaza ni neno la Kibantu, neno la kamba na fundo, na wanasheria wetu walilichagua vyema: fundo lililofungwa bila kukazwa hulegea. Aliyeshinda kesi ya madai, asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba hukumu yake ikazwe, na anayo miaka 12 ya kufanya hivyo. Mahakama ikiridhia hutoa hati ya kukamata mali, ambayo hukabidhiwa dalali wa mahakama. Mali iliyokamatwa haiuzwi siku hiyo hiyo. Mdaiwa asiporidhia vinginevyo, mnada wa mali inayohamishika husubiri angalau siku 15 baada ya tangazo, na wa mali isiyohamishika siku 30.

Si kila kitu hukamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakinga mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mke wake na watoto wake. Fundi hanyang'anywi zana za kazi yake. Mkulima huachiwa jembe, mifugo na mbegu ambazo Mahakama inaona anazihitaji ili aishi. Nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake nayo imo katika kinga hiyo, jambo ambalo wengi hawalijui.

Mkopeshaji anayefika na vijana na gari, mkononi akiwa na mkataba pekee, hakazi hukumu, kwa kuwa hukumu yenyewe haipo. Mdaiwa ana haki ya kuuliza namba ya shauri, kuiona hati yenye mhuri wa Mahakama na kumtaka dalali ajitambulishe.

Mali iliyowekwa dhamana ina njia yake. Kinga ya nyumba haimfuniki aliyeiweka rehani mwenyewe. Huyo hulindwa na Sheria ya Ardhi, inayomtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza. Ndiyo maana hati ya rehani haifai kusainiwa kwa haraka, na mwenzi wa ndoa anapaswa kushirikishwa.

Hata nyundo ya mnada ikishagongwa, aliyeuziwa nyumba au kiwanja kwa amri ya Mahakama anaweza kuomba mauzo yatenguliwe kabla hayajathibitishwa, kwa kuweka mahakamani fedha anazodaiwa pamoja na asilimia 5 ya bei ya mnada kwa ajili ya mnunuzi.