Ugonjwa wa Akili na Rangi ya Ngozi: Kwa Nini Huduma Hazilingani

Mtu akivunjika mguu, jumuiya humpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akishindwa kuamka kitandani kwa wiki tatu kwa huzuni ambayo hata yeye hawezi kuieleza, mambo huwa tofauti. Familia humficha, majirani hunong'ona, na wa kwanza kuitwa si mganga wa zahanati.

Hata hivyo wagonjwa hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani, yaani watu wapatao milioni 970, alikuwa akiishi na tatizo la akili. Takwimu za dunia hazigawanyiki sawasawa kwa kila parokia, lakini kamati inayosema "kwetu hakuna wagonjwa wa namna hiyo" yafaa ihesabu upya. Wengi wao hawaokoti makopo barabarani. Wana sonona, wana wasiwasi usiokwisha, na wanakuja kanisani kila Jumapili. Wachache zaidi wana skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo. Maradhi haya hutokana na mchanganyiko wa mambo: urithi, hali ya ubongo, na misukosuko ya maisha kama vile kufiwa, vita, umaskini na kunyanyaswa. Wengi hupata nafuu wakitibiwa mapema.

Katika makala haya tunapenda kueleza jambo ambalo halizungumzwi sana, yaani nafasi ya rangi ya mtu katika matibabu ya akili. Linawahusu wafadhili wetu walio Ulaya na Marekani, na linatuhusu sisi pia, kwani sehemu ya historia hii iliandikwa Nairobi.

Sayansi iliyokuwa na rangi

Mwaka 1851 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba amegundua ugonjwa mpya wa akili unaowapata watumwa. Dalili yake kuu ilikuwa kutoroka kwa bwana. Leo tunashangaa, lakini wakati ule yaliandikwa katika jarida la madaktari. Fundisho lake ni rahisi kuliona: mwenye mamlaka akiamua nani ana akili timamu, hata kutamani uhuru kunaweza kuitwa wazimu.

Huku kwetu, Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia wenye wazimu wa koloni. Wazungu, Wahindi na Waafrika walitengwa, na hali ya wodi za Waafrika ilikuwa duni. Kuanzia mwaka 1938 hospitali hiyo iliongozwa na Dk. J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea utabibu wa akili. Aliwahesabu Waafrika waliofikishwa hospitalini, akaona ni wachache, na wenye sonona wakiwa wachache zaidi. Akahitimisha kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, kwa kuwa maisha yake hayamdai kubeba wajibu binafsi kama Mzungu. Mwaka 1953 WHO ilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilitoa maandishi yake kuhusu Mau Mau, yaliyoyaeleza mapambano yale kama tatizo la saikolojia. Suala la ardhi halikupewa uzito.

Kosa la hesabu yake lingeweza kuonwa na katekista yeyote. Walioletwa Mathari walikuwa wale waliovuruga amani, waliokamatwa na polisi au na chifu. Mama aliyekaa kimya jikoni akilia hakuna aliyempeleka popote, kwa hiyo hakuhesabiwa. Mwaka 1979 watafiti wawili, Orley na Wing, walichapisha matokeo ya kazi yao katika vijiji viwili vya Uganda. Wao walikwenda kwa watu majumbani na kuwauliza kwa utaratibu. Waliikuta sonona, tena kwa wingi kuliko ilivyoonekana kwa wanawake wa mtaa mmoja wa kusini mwa London waliochunguzwa kwa njia hiyo hiyo. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Aliyekosekana ni wa kuuliza.

Uingereza ya leo

Tungependa kusema kwamba hayo yamepita. Lakini takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe zinaonyesha kwamba katika mwaka ulioishia Machi 2023, watu weusi walilazwa kwa nguvu ya Sheria ya Afya ya Akili mara 228 kwa kila watu 100,000. Kwa watu weupe ilikuwa mara 64. Aidha, watu weusi hufikishwa hospitalini kwa kupitia polisi na mahakama zaidi kuliko weupe, na hupelekwa mara chache zaidi na daktari wa familia.

Kwa nini? Hapa ndipo wengi hukosea, kila mmoja kwa upande wake. Wapo wasemao kwamba madaktari wanawabagua tu, na wapo wasemao kwamba watu weusi wanaugua zaidi kwa asili yao. Utafiti mkubwa uliofanyika London, Nottingham na Bristol, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba skizofrenia iligunduliwa kwa watu wenye asili ya visiwa vya Karibi takriban mara 9 zaidi kuliko kwa Waingereza weupe, na kwa Waafrika weusi takriban mara 6. Lakini tafiti zilizofanywa Jamaika, Trinidad na Barbados kwenyewe hazikukuta wingi wa namna hiyo. Kama jambo lingekuwa katika damu, lingekuwepo huko pia. Kwa hiyo watafiti wengi huangalia maisha ambayo watu hao wanaishi Uingereza: kubaguliwa, upweke, kukosa kazi, makazi duni, watoto kutenganishwa na wazazi. Wengine huongeza kwamba daktari asiyeufahamu utamaduni wa mgonjwa anaweza kuikuza dalili. Kwa maoni yetu sababu hizi hazipingani. Maisha magumu humwongezea mtu ugonjwa, na kisha hospitali humpokea kwa mashaka.

Kisa kilichoitikisa nchi hiyo ni cha David Bennett, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa na skizofrenia. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1998, katika kliniki mjini Norwich, aligombana na mgonjwa mwenzake kuhusu simu, naye akatukanwa kwa rangi yake. Aliyehamishwa wodi ni Bennett. Alipompiga muuguzi, wafanyakazi walimlaza kifudifudi sakafuni na kumkandamiza kwa muda wa dakika zipatazo 25. Akafa, akiwa na umri wa miaka 38. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sir John Blofeld, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, ilitaka wizara ikiri kwamba kuna ubaguzi ndani ya mfumo wa huduma za akili, na ilipendekeza mgonjwa asikandamizwe kifudifudi kwa zaidi ya dakika 3. Mwaka 2010 kijana mwingine mweusi, Olaseni Lewis, alifariki baada ya kukandamizwa na polisi katika hospitali ya London. Sheria ya kudhibiti matumizi ya nguvu katika hospitali za akili ilipitishwa mwaka 2018, miaka 20 baada ya kifo cha Bennett.

Matokeo yake ni hofu. Ripoti moja ya Uingereza ya mwaka 2002 iliieleza kama duara: mtu mweusi anaogopa hospitali, hivyo anachelewa, akichelewa anazidiwa, akizidiwa polisi wanaitwa, polisi wakiitwa nguvu inatumika, na nduguze wakiona hayo, nao wanaogopa. Wasomaji wetu watalitambua duara hilo. Huku kwetu polisi na sindano ya nguvu vimebadilishwa na kamba, mnyororo na chumba cha nyuma, lakini mwendo wake ni ule ule.

Maneno ya mgonjwa

Nchini Marekani, mwandishi Bebe Moore Campbell, ambaye jamaa yake alikuwa mgonjwa, alishiriki kuanzisha mjini Los Angeles tawi la kuzihudumia familia za Wamarekani weusi. Alifariki mwaka 2006, na mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo liliutenga mwezi Julai kwa jina lake kuwa mwezi wa uelewa wa afya ya akili kwa jamii za walio wachache. Alisisitiza kwamba familia hizo zinyamazapo kwa aibu, huduma nazo haziwafikii.

Aibu hiyo huanzia katika lugha. Mswahili hamwambii daktari "nina sonona". Husema ana mawazo mengi, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu. Daktari wa London, na wakati mwingine hata wa Dar es Salaam aliyesomea vitabu vya Kiingereza, humpa dawa ya kichwa na kumruhusu aende. Nchini Zimbabwe Dk. Dixon Chibanda na wenzake walianza mwaka 2006 kutumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kamati za parokia zinaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, kuuliza katika kituo cha afya kilicho jirani ni dawa zipi za akili zinazopatikana, na ni siku gani mhudumu wa afya ya akili yupo. Pili, kuwateua watu wawili au watatu wasio na midomo mirefu, ambao familia inaweza kuwafikia kabla mgonjwa hajazidiwa. Tatu, kutenga nauli katika bajeti ya huruma, kwani wengi huacha dawa kwa kukosa nauli tu. Kwa upande wa wafadhili, tunaomba wanapotembelewa na vikundi vya Waafrika wanaoishi katika miji yao, waulize pia nani huwatafsiria wagonjwa wao hospitalini. Mara nyingi atatajwa mtoto wa shule.