Saumu ya Muntari na Mizani ya Kocha

Wapenzi wengi wa kandanda huukumbuka msimu wa 2009-2010 wa ligi kuu ya Italia kwa ajili ya kijana wetu McDonald Mariga, mwana wa Noah Wanyama aliyesakata gozi katika AFC Leopards. Katikati ya msimu Mariga alihama Parma akajiunga na Inter Milan, na Inter ikatwaa ubingwa kwa pointi 82, Roma ikiifuata kwa 80. Lakini mimi, niliyeufuata msimu huo nikiwa Nakuru, namkumbuka zaidi kiungo mwenzake, Sulley Muntari wa Ghana, kwa sababu ya saumu yake.

Tarehe 23 Agosti 2009, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeandama, Inter ilicheza na Bari. Baada ya nusu saa tu kocha José Mourinho alimtoa Muntari. Mchezo ulikwisha sare, 1-1, na kocha akawaambia waandishi kwamba kijana alipungukiwa na nguvu kwa kufunga, na kwamba huenda jambo hilo halikufaa katika joto lile. Viongozi wa Waislamu wa Italia hawakunyamaza. Walijibu kuwa mchezaji mcha Mungu hutulia moyo, na utulivu huo humfaa uwanjani.

Maneno hayo tuliyajadili sana hapa Bondeni baada ya tarawehe. Nakuru iko karibu na ikweta, mchana wake ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Tena mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hauna joto la Mombasa. Hata hivyo vijana wetu wa mpira walikuwa na hofu ile ile: nikisema nimefunga, nitawekwa benchi.

Basi, msomaji, tazama yaliyofuata. Tarehe 12 Machi 2010, Inter ilipofungwa 3-1 na Catania, Muntari aliingia kama mchezaji wa akiba, na kwa muda mfupi mno akapewa kadi mbili za manjano, akatolewa nje. Siku hiyo haikuwa Ramadhani. Alikuwa amekula na kunywa, na hakuna aliyekilaumu chakula chake cha asubuhi! Mwezi uliofuata, huko Barcelona, Inter ikiwa na watu kumi, ni Mourinho yule yule aliyemwingiza Muntari kulinda ushindi, na mwishoni akamwingiza Mariga. Tarehe 22 Mei, katika fainali ya Ulaya mjini Madrid, Muntari aliingia tena, na Inter ikaishinda Bayern 2-0.

Mchezaji huwa na siku mbaya akiwa amefunga, na huwa nayo akiwa ameshiba. Nakuru All-Stars walikuwa mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, na Feisal ya Mombasa ikalitwaa taji hilo mwaka 1965. Miji yenye sifa kama hizo haistahili kupoteza vipaji kwa hofu. Kocha na amuulize kijana hali yake, na mazoezi yasogezwe yawe baada ya futari. Kijana naye aseme kweli. Akiugua au akiwa safarini, dini yenyewe imempa ruhusa. Lakini saumu isihukumiwe kwa nusu saa ya mchezo mmoja.